Bunduki Inayokwenda Kushoto

Katika basi la Kapolowe, Tina, fundi wa cherehani kutoka Kikula, alikaa karibu na mzee Georges, aliyepakata bunduki ya kuchezea, ya risasi za plastiki. Mzee alijieleza kabla hajaulizwa: mkewe Angèle alipooza mkono wa kuume, na daktari alisema autumie, basi jioni wanalenga makopo uani. Lakini risasi zote zinakwenda kushoto.

"Papa, mulitia nini mu bomba?" Tina aliuliza, akichungulia mtutu.

"Mafuta, mama. Mingi."

"Ah non! Ile mafuta ndiyo inapotosha risasi. Mupanguse na kitambaa kikavu."

"Miye nilikuwa mécanicien miaka makumi tatu. Mashini bila mafuta inakufa!"

Walibishana kilomita nzima, wote wawili wakifurahi. Kisha mzee akashusha sauti. "Nikiitengeneza, naye akikosa tena, atasema ni mukono yake."

"Na mukilenga mwenyewe, papa?"

"Kushoto vilevile. Lakini miye nakosaka makusudi, aseme ni bunduki."

Tina alicheka, akajikuta anafuta machozi. Basi likasimama Kapolowe. Angèle alikuwa amekuja kumpokea mumewe. Aliunyoosha mkono wa kuume, polepole, akaichukua bunduki. Mzee hakumsaidia.