Waache Waseme Sikujua Kujenga

Ulikuwa msumeno, Millicent, si panya, si mlevi anayeparuza ukuta, msumeno unakula mti polepole, unanyamaza, unakula tena, nami nimelala na mtoto kifuani nikidhani naota, mpaka Muhonja akaninong'oneza gizani, "Mama, kuna mtu anakata nyumba."

Sogeeni karibu mfunge mlango. Jirani yetu Nzembi ameenda kutafuta gari la kunipeleka hospitali na nataka niwe nimemaliza kabla hajarudi, kwa sababu tumbo limekuwa gumu kama ubao na miguu siisikii vizuri, na sitaki kudanganywa. Mimi si mzee, nina miaka ishirini na minane, ni wazee wanaoacha wosia, lakini wewe mdogo wangu na wewe binti yangu hamna mkubwa mwingine wa kuwaambia haya, kwa hivyo nisikilizeni kama mngemsikiliza nyanya. Usilie, Muhonja. Utalia kesho.

Nyumba hii ni yenu. Mnajua ilivyotutesa. Chifu alisema hapa mtaani Mukuru mawe ni marufuku, ni mbao na mabati tu, kila kitu kiwe cha muda, nami nikajiuliza, kwani gogo si mbao? Nani atanikataza kuweka mbao ambayo haijapasuliwa? Tukaleta magogo ya mikaratusi, mimi na mume wangu Mulama, yeye mbele mimi nyuma, na wewe Millicent ukayabambua magome mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kila aliyepita akauliza, "Mama Muhonja, hao ng'ombe wa zizi hili wanakuja lini?" Mvua ikaja, udongo huu mweusi ukameza magogo ya chini upande mmoja, mlango ukapinda, tukabomoa, tukachimba mpaka penye changarawe, tukaanza upya. Jua likaja, magogo yakakauka, yakaachana, Nzembi akasema ameketi kwake na anaona ninachopika, tukaziba kwa magunia na udongo. Mchwa nao wakaja, tukapaka mafuta machafu ya magari hadi tukanuka gereji. Lakini mvua ya mwaka jana ilipowatoa watu wote na magodoro kichwani, humu ndani kulikuwa kukavu, na Nzembi na watoto wake walilala pale chini kwa wiki nzima, na hakuna tena aliyeniuliza habari ya ng'ombe.

Sasa sikiliza, Millicent, kwa sababu Muhonja aliona na wewe hukuona. Ulijua usiku huu tungelala kwako Kware. Mtoto akashikwa na homa, tukabaki, tukazima taa mapema. Nilitoka nikidhani ni wezi wa mbao, Muhonja akainua taa, na taa ikamulika uso wa Mulama. Mume wangu! Aliyeniambia yuko kiwandani zamu ya usiku. Amepiga magoti kwenye kona, msumeno mkononi. Unajua aliniambia nini? "Phelister, si ulisema mtalala Kware?" Basi. Hata pole hakuna.

Sababu ameniambia akiwa amechelewa: baba yake alimwambia kwamba mwanamume asiye na hata kibanda katika boma la baba yake hajengi nyumba ngumu mjini, itammalizia watoto, na tulipomzika yule mtoto wetu wa pili maneno hayo yakamwingia, na mimi sikujua. Alitaka ianguke ikiwa tupu ili nichoke, nikubali tukajenge kwao. Angeniambia! Tunakula sahani moja, angeshindwaje kuniambia? Mpaka sasa kichwa changu kinakataa. Nikaweka mgongo wangu pale kwenye kona niizuie, mtoto yuko ndani, ningefanya nini, naye akapiga kelele, "Toka hapo!" na gogo la juu likashuka, likanilalia.

Nimewaambia Nzembi na wote waliokuja kwamba gogo liliteleza lenyewe. Vijana wale mnawajua, mnajua wanavyomchoma mtu kwa tairi na mafuta ya taa. Wakisikia ni Mulama, hatafika asubuhi, na nyinyi mtabaki bila mimi na bila yeye. Yuko nje, ameketi kwenye matope, hawezi kuingia. Sisemi nimemsamehe. Sijafika huko.

Lakini nawaambia nyinyi kwa sababu mtalala humu, na siwezi kuondoka mkiiogopa nyumba yenu. Haikuwa mbovu. Ilikatwa. Tieni gogo jipya kwenye ile kona, mlichonge liumane na mengine kama nilivyowaonyesha, na mlale. Funguo akae nazo Millicent. Mulama aishi humu, ale humu, alee watoto wake, lakini asiuze, asibomoe. Mtanizika kwao, na najua kule, kwa mila yao, lazima wasimamishe kibanda changu kwanza ndipo niingie kaburini, basi wakate miti ya huko. Gogo hata moja lisitoke hapa.

Nipe maji kidogo. Yatosha.

Na watu watasema. Kwenye foleni ya maji, hapo hapo matangani, watasema nyumba ya Phelister ilimwua Phelister, si tulimwambia, mwanamke amejijengea zizi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hili tumbo, maana kila pembe humu niliipima mimi. Muhonja, utasikia, na utanyamaza. Waache waseme sikujua kujenga.

Mungu awe nanyi... awape mikono yenye nguvu, mtoto aamke bila homa... nilaze upande huu, hewa haitoshi. Ni gari hilo? Haraka basi. Muhonja amekwisha kuniahidi. Millicent, usitazame mlango, nitazame mimi. Najua una hasira. Kaa nayo. Sema nisikie.

"Sitamwambia mtu mwingine, dada."