Kisiki Kisichopasuliwa

Kule Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mbele ya duka la Kornel, kuna benchi, na kahawa ya benchi hilo huchemshwa na Anaeli, mjane mwenye migomba arobaini kihambani kwake, shamba linalozunguka nyumba. Mwaka huu migomba hiyo ilikuwa inalala chini na mikungu michanga, upepo hakuna. Asubuhi moja alimimina kahawa amenuna. Kesho yake watu wangekuja kuing'oa migomba yote apande parachichi, naye alikuwa akila ndizi za kihamba kile tangu aolewe. Wateja wake wa kila siku walikuwa wameshakaa: Efraimu, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, na Thadeus, aitwaye Waziri kwa kujibu asichoulizwa.

— Ng'oa tu, mama, akasema Redio. Ardhi imechoka.

— Imechokaje, na wewe ndiye uliyekaa tangu saa moja? akauliza Anaeli.

— Ni mnara wa simu, akasema Waziri. Unaitikisa mizizi.

— Mnara uko kwako, na migomba yako imesimama.

— Basi ni mlima! Moto wa chini umeanza kupanda. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo ng'oa leo leo.

Akafika Zita, mke mpya wa Gidioni, aliyeolewa kutoka Kahe. Alifuata chumvi, akayasikia maneno yao.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mama, huo mgomba ulioanguka, mlipasua kisiki mkaona nini?

Redio akazimika. Waziri akachungulia kikombe chake. Anaeli aliona aibu kama aliyeulizwa jina la mwanawe akalisahau. Kila mgomba ulipoanguka, alimkatia ng'ombe majani, shina akaliacha lioze palepale.

Akachukua panga, wakaenda shambani yeye na Zita, akapasua. Kisiki kilikuwa kimetobolewa kama chujio, ndani funza weupe, pembeni wadudu weusi wenye mdomo mrefu.

— Fukusi hao, akasema Zita. Pasua shina hili, ulaze vipande karibu na migomba mizima, upande uliokatwa uangalie chini. Asubuhi utawakuta wamejikusanya, uwaue. Mashina mengine yakatekate yakauke, wasizaliane humo. Na chipukizi limenye kisiki mpaka kiwe cheupe ndipo upande.

Jioni ile Anaeli alilaza vipande, akawapigia simu wale watu wasije. Asubuhi, chini ya kipande cha kwanza, aliwakuta fukusi kumi na mmoja. Akapita kwa Gidioni na mkungu begani.

— Aika, asante sana, mwanangu. Mungu akupe maisha marefu. Ningeing'oa mizima na migonjwa pamoja.

Benchini wanaume wawili walikuwa wanangoja.

— Mama, kahawa?

— Iko shambani. Anayekuja na panga atakunywa.

— Na asiye na panga? akauliza Waziri.

— Ataokota fukusi.