Bi Pindo wa Benchi la Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemwita Bi Pindo. Alifariki wiki iliyopita, chumbani kwake. Narudia: chumbani kwake. Maana chumba hicho alikipigania miaka miwili.

Nyumba aliyopanga ilibomolewa, cherehani ikapondwa na ukuta. Akawa analala barazani pa duka la vitambaa. Asubuhi moja, uso umeoshwa, gauni limenyooshwa kwa kiganja, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba chumba.

Foleni ilikuwa na watu kumi. Mlinzi akapekua mfuko mmoja tu, wa Bi Pindo.

"Mama, hapa si pa kulala."

"Mwanangu, ningekuwa na pa kulala, ningefuata nini hiyo sura yako?"

Foleni ilicheka. Karani hakucheka. Fomu ilitaka anwani. Asiye na anwani hafunguliwi faili, na asiye na faili hapewi chumba. Alipoanza kueleza, karani akaita anayefuata. Mara saba alikwenda, mara saba akakatizwa. Mdogo wake, yaya anayelala kwa mwajiri, anakumbuka: "Nilimwambia, dada, achana nao. Akanijibu, 'Nikiacha, watasema sikuwahi kuja.'"

Mara ya nane akajaza anwani: Benchi la tatu, korido ya ofisi ya ustawi. Karani, na haraka zake, akagonga muhuri bila kusoma.

Faili likafunguka! Tangu siku hiyo Bi Pindo akahamia benchi lile saa za kazi. Akawa anashonea watu vifungo kwa mkono, na umbea wote wa jengo anao yeye: nani kapandishwa cheo, nani kanuniwa na mkewe.

Wiki ya kumi na moja akaingia tarishi na bahasha, anahesabu mabenchi kwa kidole. La tatu. Ofisi ilikuwa imemwandikia barua mtu aliyeketi hatua sita tu kutoka mlangoni pake! Bi Pindo akaisoma kwa sauti: ombi limekataliwa, mkaguzi hakumkuta nyumbani.

"Hakunikuta? Jana si nimemshonea kifungo cha koti hapa hapa?"

Korido nzima ikavunjika mbavu. Mkuu wa ofisi akatoka kuuliza kelele za nini. Bi Pindo akajisogeza, akampigapigia ubao wa benchi. "Keti, baba. Ni hadithi ndefu, na leo naimaliza."

Akaketi. Akasikiliza mpaka mwisho. Mwezi uliofuata, Bi Pindo akapewa ufunguo.

Wengine wangejifungia. Yeye kila Jumatatu alirudi koridoni, akasimama dirishani kwa karani na wasio na makazi, mmoja mmoja. Karani akikatiza, alimwambia, "Hajamaliza, mwanangu." Kwa njia hiyo watu kumi na wanne wamepata vyumba.

Kwa mdogo wake, na kwa hao kumi na wanne waliolibeba jeneza: poleni sana. Mungu awape subira.

Nasi tujiulize. Ofisini kwako, dukani kwako, yuko mtu aliyeanza kukueleza shida yake ukamtazama viatu. Leo mpe kiti. Kisha nyamaza.