Bei ya Bastola ya Afande

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa acha kuchungulia saa, sichelewi kufa kwa makusudi. Jana mlidhani nimelala. Mliniletea mthamini humu chumbani, bwana wa glavu nyeupe na kioo cha kukuzia, mkamfungulia sanduku langu miguuni pangu kama watu wanaopekua nguo za marehemu, naye akaitoa bastola ya afande, akaipuliza vumbi, akasifu mpini wake wa pembe, kisha akasema bei itategemea kisa chake.

"Iliwahi kuua?" akauliza.

Na wewe, mkubwa, uliyepewa jina la mjomba wako, ukamdakia kama dalali: "Imeua! Ilimuua mjomba wetu!"

"Basi bei inapanda mara mbili."

Mkacheka. Niliwasikia mkicheka.

Mjomba wenu alikuwa mpiga tarumbeta kambini, mimi nikiwafulia maofisa. Afande alimwamuru ampige mfungwa aliyefungwa mikono. Kaka yangu akasema, "Siwezi, afande," akapigwa risasi palepale uani, mbele ya mashuka niliyokuwa naanika. Na siku kambi ilipozingirwa, huyo afande shujaa alitoroka amevaa gauni la mkewe, sare yake akaitupa kwenye kapu langu la nguo chafu, bastola ikiwa ndani. Niliificha miaka yote asije mtu akaitundika ukutani na kuisifia. Kumbe nilikuwa nawatunzia nyinyi biashara!

Sikilizeni basi. Nyumba ni ya wote, asiiuze mmoja. Cherehani apewe kitinda mimba, maana jana yeye peke yake aliinuka akatoka nje. Ndiye niliyemtuma asubuhi hii amwite fundi wa kuchomelea. Bastola imekatwa hapo uani, nimeegemezwa dirishani natazama kwa macho yangu, na vipande vimetupwa chooni. Mwiteni mthamini wenu akavivue. Glavu si anazo?

Usinune, mkubwa. Wala usinishike mkono... Basi, nishike. Nilikuzaa mwenyewe, nitamlaumu nani.

Mnizike kando ya kaka yangu. Hotuba sitaki, mtadanganya. Mungu awape riziki, awape na watoto... na kabla ya hivyo vyote awatie haya usoni. Hiyo ndiyo... hiyo ndiyo baraka yangu.

Pumzi imekwisha. Tokeni sasa. Mkubwa... wewe baki.