Faili la Bibi Verdell Lafunguliwa kwa Wote

Mheshimiwa Meya Tolliver, Mchungaji Pruitt, walimu mlionifundisha hadi mwezi uliopita, wazee wa kanisa, na wewe Bibi yangu Verdell uliyekaa mbele na kofia yako ya Pasaka:

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Katika faili la wapelelezi juu ya Bibi tunalolifungua leo hapa maktabani, serikali imefuta kwa wino mweusi jina la mwenzetu aliyekuwa akiwapasha habari zake. Mimi namjua. Nitarudi hapo, sauti ikiniruhusu.

Nani hapa Alabama hajamsikia Bibi akiimba redioni? Lakini ni wangapi wanakumbuka kwamba kanisa letu lilimtoa kwenye kwaya? Wakati wa maandamano ya kudai haki ya kupiga kura, wapelelezi walikaa garini mbele ya nyumba yake kiangazi kizima, naye akawapelekea samaki wa kukaanga. Majirani wakaona, wakasema, "Huyu ndiye anayetuuza." Neno hilo limemfuata mpaka uzeeni.

Mwenye faili akiwa hai, halitolewi bila saini yake. Nilimwonya: "Bibi, watasoma watu wote. Je, kama wameandika uongo?"

"Lete kalamu, mtoto wewe. Nimezomewa jukwaani, nitaogopa karatasi?"

Faili likaja. Nawasomea maneno ya mpelelezi mwenyewe: "Tumemhoji tena. Hakutaja jina la mtu. Alituuliza kama tumekula."

Ndugu zangu, huyo ndiye Bibi yangu. Kuanzia leo yeyote, hata mgeni anayepita njia, anaweza kuingia humu akayasoma maneno hayo, na sijawahi kujivunia kitu kama hiki.

Lakini mkisoma mbele mtakuta kwamba waliofuta jina walisahau kufuta chakula. Wameandika kuwa mtoa habari alikuja kuonana nao na pai ya viazi vitamu yenye tangawizi. Katika kanisa letu, nani asiyejua kila mtu hupika nini? Nilipokuwa nikimsomea Bibi, alinikatiza hapo hapo.

"Geuza ukurasa. Pai ile nimeila kwenye kila mazishi, na nilikuwa najua ni nani."

Aliyeioka tulishamzika. Wajukuu zake wamekaa nasi humu. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na sauti yangu ndogo. Mtakapomtambua, nawaomba, kwa heshima ya Bibi, msimtaje, hata mezani leo. Siri hii ibaki kwetu.