Mzee Sufuria na Mbwa wa Rangi ya Majivu

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machinjio, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mpishi wa bweni la shule na mama yake alikuwa mshona nguo. Mama huyo alipenda kusimulia kwamba mtoto wake huyu alichelewa sana kusema. Siku moja, akiwa na miaka mitatu, alipotea tangu asubuhi, akaja kuonekana chini ya ukuta wa machinjio, amekaa katikati ya mbwa koko saba, kila mmoja na mfupa wake, naye ameshika wake. Mama alipomwita kwa ukali, mtoto alitoa sentensi yake ya kwanza iliyokamilika: "Ngoja mama, bado tunakula."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na sekondari hadi 1969. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara, na mwenyewe hakuwahi kudai hivyo. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha mifugo, akahitimu Novemba 1971 kwa cheti cha msaidizi wa daktari wa mifugo. Katika ripoti yake ya mwisho, ambayo familia bado inayo, mkufunzi mmoja aliandika: "Kijana huyu anawasikiliza wanyama kuliko anavyonisikiliza mimi." Marehemu aliichukulia kuwa sifa.

Februari 1972 aliajiriwa katika kikosi cha mbwa wa ulinzi. Alianza kwa kufagia mabanda, na baada ya miaka minne akawa mkufunzi. Huko ndiko alikokutana na mlinzi mmoja mrefu kupita kiasi, ambaye kila mtu alimwita Ndefu, na urafiki wao ukawa wa chanda na pete. Huko huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mlimjua kwalo. Kila uzao ulipofikisha wiki saba, aliwaweka watoto wa mbwa uani, akasimama nyuma yao, akaangusha sufuria kuukuu juu ya sakafu ya saruji. Wote walishtuka, hilo halikumshughulisha. Alichokisubiri ni kilichofuata. Aliyerudi mapema kuinusa sufuria, huyo alikuwa wa kazi. Aliyekaa mbali akitazama, huyo wa nyumbani. Aliyejificha na kukataa kutoka hakuzalishwa kamwe, hata awe mzuri namna gani. Majirani waliosikia mlio huo waliambiana, "Mzee Sufuria anasahihisha mitihani."

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1978, na karani wa posta. Kabla ya hapo, kwa miezi mitano, alikuwa akifika dirishani kwake karibu kila siku na barua ya kutuma. Karani alimwonea huruma, akidhani ana ndugu wengi waliotawanyika. Mwishowe aligundua kwamba barua zote zilikuwa zikienda kwenye sanduku moja, nalo lilikuwa la mtumaji mwenyewe.

"Kwani humo ndani unajiandikia nini?" alimuuliza.

"Hakuna kitu. Karatasi tupu."

"Basi kesho andika kitu, unipe mimi. Utaokoa stempu."

Walijaliwa watoto watatu na wakaishi pamoja miaka arobaini na mitano.

Mwaka 1989 aliacha ajira, akajenga mabanda sita nyuma ya nyumba na kuanza kuzalisha mbwa wake. Kwa miaka kumi walisifika katika mabohari, viwanda na nyumba za watu. Walikuwa weusi, wenye vifua vipana na akili ya kazi. Ukimtupia mmoja wao kitambaa, alikishika mpaka uchoke wewe.

Hapa familia imeamua kusimulia jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisifichwe. Alisema: "Mkisoma wasifu wangu mkaruka pale, mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Mwezi Mei 1999, jike mmoja mweusi alizaa watoto wanane, na mmoja wao alikuwa na rangi ya majivu yaliyopoa, manyoya yakimetameta kama hariri. Mwenye hoteli mmoja aliyekuja kununua mbwa mweusi alipomwona, aliwasahau wengine wote. Wiki iliyofuata wakaja rafiki zake. Kila mmoja alitaka wa rangi ile ile. Marehemu alijua kwamba rangi hiyo hutokea pale tu baba na mama wote wawili wanapoibeba katika damu. Kwa hiyo akaanza kupandisha majivu kwa majivu, na waliposhindwa kutosha, akapandisha baba kwa binti na ndugu kwa ndugu. Weusi waliozaliwa aliwagawa kwa yeyote aliyepita na kamba mkononi.

Na akaiacha sufuria. Hakuiacha kwa kukusudia. Zamani ilimlazimu kusubiri wiki saba ndipo ajue amepata nini. Sasa rangi ilionekana siku ya kwanza, mtoto wa mbwa angali kipofu, na kabla hajafumbua macho alikuwa ameshapata mwenyewe. Kulikuwa na haja gani ya kumpa mtihani aliyekwisha kufaulu?

Aliyeona mapema ni mkewe. Jioni moja, akitoka mabandani na ndoo ya chakula, alimwambia, "Baba watoto, hawa mbwa wako wananiogopa mimi ninayewalisha."

"Wana adabu," akajibu.

"Adabu haitetemeki."

Hakumsikiliza. Kufikia kizazi cha sita, baadhi walikuwa wamenyonyoka mgongo, wengine walizunguka bandani kutwa nzima bila kutulia. Ukiwatupia kitambaa walikitazama kama kitu kilichodondoshwa na mpita njia. Wengine waliuma, lakini waliuma kama anavyouma mwoga, kwa nyuma, kisha wakakimbia. Kwa macho, hapajakuwa na mbwa wazuri kama wale. Uzuri wa mkakasi.

Mwaka 2008 Ndefu, ambaye wakati huo alikuwa mlinzi wa bohari la nafaka, alifiwa na mbwa wake mzee. Marehemu alimpa zawadi dume wa majivu, aliyemchagua mwenyewe kuwa mzuri kuliko wote. Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2009, saa tisa alasiri, bohari likiwa limefungwa, watu wawili waliingia na nondo. Mbwa alijikunyata chini ya tela na hakutoka humo mpaka jioni. Ndefu alivunjwa nyonga na mguu wa kushoto. Hakurudi kazini tena, na tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo, kama mnavyomwona pale mstari wa mbele.

Marehemu alifika wodini kesho yake asubuhi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ndefu alipomwona akasema, wagonjwa wote wakisikia, "Karibu ndugu yangu. Mbwa wako ni mzuri, sikatai. Hata wezi walisimama wakamwangalia kidogo, ndipo wakaanza kunipiga." Wodi nzima ikacheka. Marehemu aligeuka, akatoka, na hakurudi tena pale hospitalini.

Juma lile lile aliketi mezani na daftari la mauzo, akaandika barua arobaini na moja kwa mkono wake, moja kwa kila nyumba yenye mbwa wa majivu. Bintiye wa pili alimsaidia kuandika anwani. Barua zilikuwa fupi: mbwa huyu nilimzalisha kwa rangi, sikumpima moyo, usimwache na mtoto mdogo, usimzalishe, na ukimchoka nirudishie. Mkewe alizipokea zote dirishani pale posta na kuzigonga mhuri moja moja.

Mwenye hoteli alikuja na barua yake mkononi. "Mzee, unajiharibia jina mwenyewe? Nani amekulazimisha?"

"Jina liliharibika siku nyingi. Ninachofanya ni kuwapa watu habari."

Walirudishwa mbwa kumi na saba. Aliwahudumia wote hadi wa mwisho alipokufa kwa uzee mwaka 2019. Walioogopa watu aliwajengea pembe ya giza. Wenye ngozi mbovu aliwapaka mafuta kila asubuhi. Hakuwahi kumkaripia hata mmoja. "Hawa hawakujifanya hivi," alisema.

Kisha akaanza kuwatafuta weusi aliowagawa. Alizunguka kwa baiskeli karibu miaka miwili, akiuliza nyumba kwa nyumba habari za mbwa aliotoa bure, na watu wakimcheka kwamba mzee amerudi kudai makombo. Mwaka 2011 alimkuta jike mmoja kwa mfyatua matofali, mjukuu wa yule jike mweusi aliyezaa majivu wa kwanza, sikio limechanika, analinda tanuri peke yake. Kwa jike huyo alianza upya, polepole, akimleta dume kutoka mbali kila mara ili damu isijirudie. Wateja wa zamani hawakurudi. Mabanda sita yakabaki mawili.

Mwezi Agosti 2016, katika uzao wa weusi watupu, alizaliwa tena mtoto wa rangi ya majivu. Mkewe aliuliza, "Huyu utamfanyaje?"

"Nitamfanya kama wenzake."

Wiki saba zilipotimia, sufuria ilianguka, na wa kwanza kurudi kuinusa alikuwa yeye, mkia juu. Marehemu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likaondoka uani. Bintiye alipomletea chai, alimkuta analia. Alidhani ni furaha.

"Hapana, mama," alimwambia. Ndivyo alivyozoea kuwaita mabinti zake. "Miaka yote hii nimeilaumu rangi. Kumbe rangi haina hatia. Ningeendelea kuwapima tu, wangekuwepo wa majivu na bado wangekuwa mbwa. Niliyeacha kutazama ni mimi."

Tangu 2012 alikuwa akimpelekea Ndefu mtoto wa mbwa, kila mara aliyekuwa bora katika uzao. Alifanya hivyo mara nne. Ndefu alimkaribisha, akampa kiti, wakazungumza hali ya hewa na magoti. Kisha akamrudishia mbwa wake. "Safari hii hapana, ndugu yangu. Mbwa anataka mtu wa kukimbizana naye, na mguu huu si wa kukimbia." Marehemu alirudi nyumbani na mbwa chini ya koti, akamwambia mkewe, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Mkewe alimshauri aache kupeleka mbwa, aende mikono mitupu amuulize mwenzake aliyo nayo moyoni. Hakuweza. Mtu aliyeweza kumtuliza mbwa mkali kwa pumzi tu alishindwa kuuliza swali moja. Familia ilimwona akipungua kwa ajili ya hilo kabla ugonjwa haujamgusa.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Septemba 2021. Kuanzia Machi 2023 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Alivumilia bila manung'uniko, ila alilalamika kwamba manesi wanamnyima kazi. Mwanzoni mwa Mei mwaka huu alilazwa. Mwenyewe alijua, na hakutaka kudanganywa.

Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, Ndefu alipanda ngazi za hospitali hadi ghorofa ya pili, mkongojo kwa mkongojo, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alifika anahema, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mke wa marehemu na bintiye wa pili walikuwepo.

Marehemu akasema kwa sauti ndogo, "Umekuja kunisamehe?"

"Nimekuja kukuona. Kusamehe tena?"

"Mbwa wangu wote uliwakataa."

"Nilikataa mbwa, sikukukataa wewe! Mimi ni kilema, ndugu yangu, mbwa wa kazi nitampeleka wapi? Ungekuja na kilo ya sukari ningepokea." Akafuta jasho. "Siku ile wodini nilitania ili ucheke, ukae. Nikaona mgongo. Nilikuwa nimeshakusamehe kabla dawa ya usingizi haijaniisha. Nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Miaka kumi na tano, hukujua?"

Marehemu alitikisa kichwa. Ndefu akaushika mkono wake, na wazee hao wawili wakakaa hivyo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha na nesi akaja kumtoa mgeni. Tungependa kusema kwamba tangu saa ile alitulia. Ukweli ni kwamba usiku huo na kesho yake aliuliza mara kadhaa, "Amesema nini vile?" na bintiye akamrudia maneno yale yale, naye akayasikiliza kama mtu anayesikiliza lugha aliyojifunza uzeeni. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini na tatu.

Ameacha mjane, karani mstaafu wa posta, watoto watatu, fundi wa magari, mwalimu na mhudumu wa maabara, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho, na rafiki yake wa miaka hamsini na miwili. Wako pia mbwa wanne, ambao tangu Alhamisi wanalala mlangoni, na familia itaendelea kuwatunza.

Baba, amani uliyopewa mapema, ukashindwa kuipokea ungali hai, ipokee sasa, upumzike nayo.