Verna Tollefsrud, Mkuu wa Posta ya Haugdal, 1947–2025

"Bibi, utastaafu lini?" Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa juu ya kaunta ya posta. Bibi Verna alicheka, akaniambia nishuke, kaunta ni mali ya serikali.

Verna Kvamme alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 shambani kwa wazazi wake, Oscar na Thea, kaskazini mwa Haugdal, Dakota Kaskazini. Alisoma hapa hapa hadi akamaliza sekondari mwaka 1965. Shule hiyo haipo tena.

Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na Arne Tollefsrud katika kanisa hili. Mwaka uliofuata aliingia Posta kama msaidizi, na mwaka 1983 akawa mkuu. Babu Arne alikuwa akimtania mbele ya wateja: "Hivi wewe ni mke wangu au wa serikali?" Naye alikuwa akimjibu bila kuinua macho, "Panga foleni, baba Lowell." Babu alifariki mwaka 2009.

Sheria inakataza kufunga posta ya mashambani kwa sababu ya hasara tu. Lakini mkuu wake akiondoka na asipatikane mwingine, posta inaweza "kusimamishwa kwa muda". Ya jirani zetu wa Ostby ilisimamishwa kwa muda mwaka 1991. Mpaka leo. Ofisa mmoja wa Posta alipokuja kututuliza kuhusu posta yetu, alisema, "Mama, kwa muda maana yake ni kwa muda." Bibi akasimama: "Mwanangu, kule Ostby mti umeota ndani ya posta. Huo muda wenu una matawi." Watu walicheka sana. Ofisa hakucheka.

Mwaka 2022 tumbo lilianza kumuuma. Daktari wa Minot alitaka kumpasua mara moja. Bibi aliomba mtu wa kumshikia ofisi. Akajibiwa hakuna, na tukajua maana yake. Basi akasema Krismasi ipite kwanza, kuna vifurushi. Ikapita. Akasema tena vifaranga vya wafugaji vifike, maana huja kwa posta na hufa visipopokelewa. Alipopasuliwa, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025. Kesho yake mlango wa posta ulibandikwa tangazo: imesimamishwa kwa muda.

Ameacha mtoto wa kiume, Lowell, binti, Janelle, na wajukuu watatu, Tate, Greta na mimi, Britta. Bwana ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.

Wiki yake ya mwisho hospitalini alinishika mkono, akasema, "Uliwahi kuniuliza nitastaafu lini. Nilitamani kila mwaka, mjukuu wangu. Ila wazee wanaoishi peke yao wakianguka huko majumbani, nani atajua? Mimi nilikuwa najua kwa barua wasizokuja kuchukua."